Kahawa ya Moto Ilivyofunga Koo Langu

Mwaka ninaousema ni ule ambao mvua zilikatika mahindi yakiwa kiunoni, na watu wa mtaa wetu wa Mabatini waliokuwa wanaona aibu kula michembe wakawa wanaila mbele ya wageni, mlango wazi. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani. Wasukuma wamekua navyo, mimi Mhaya nilivijulia hapa Mwanza. Unga haukushikika. Samaki sato tulimwangalia kwa macho tu. Tulikula michembe ya kuchemsha, dagaa, na mapanki, ile mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishaondoka. Aliyekuwa na tumbo mwaka ule anaukumbuka. Mimi naukumbuka kwa sababu Jumapili moja, tumetoka misa, kipande cha michembe kiliingia kooni mwangu kikakaa.

Kikakaa. Nikameza mate, yakagonga pale, yakarudi. Nikatoa macho kama mtu anayenyongwa na mtu asiyeonekana. Basi nikafanya nilichozoea: nikachukua birika jikoni, nikamimina kahawa inachemka, nikanywa kwa mkupuo. Nilijiambia, moto unalainisha maharage, unalainisha makongoro ya ng'ombe, utashindwaje na kiazi? Kahawa ikashuka, kiazi kikaifuata kinakwaruza. Nikafuta machozi kwa khanga nikasema nimepona.

Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na nililirudia miezi mingi. Kitu kikikwama, nakisukuma kwa kahawa ya moto. Kikikwama zaidi, naongeza moto. Naandika haya kwa ajili ya mwenzangu anayefanya hivyo leo huko aliko, na najua yupo, kwa kuwa nimekaa naye kwenye benchi.

Kwanza ujue mimi na kahawa tulikuwa nani. Nimezaliwa upande wa Bukoba, mibuni iko nyuma ya nyumba, unaamka unaikuta. Shule nilifika darasa la nne, nikatolewa kwenda kulea wadogo zangu. Nikaolewa, nikaletwa Mwanza kwa meli, na mume wangu alipofariki nikabaki na mwanangu Deo, mkewe, na binti yao Koku. Kwetu mtu akikupikia kinywaji anakionja kwanza mbele yako. Hajammiminia mtu mwingine, anajimiminia yeye, anakunywa, mnamwona. Ndiyo kusema: humu hamna sumu, kunyweni. Nilipofika Mabatini niliendelea hivyo hivyo, na majirani wakaupenda huo utaratibu. Penye msiba, penye kipaimara, penye kikao cha harusi, walisema mwiteni Ma Verdiana apike kahawa. Naikaanga mwenyewe, naitwanga mwenyewe, naichemsha kwa kuni, na kikombe cha kwanza ni changu, povu bado linacheza juu. Sipulizi. Kupuliza ni kwa watoto. Wanaume wazima walikuwa wanaacha mazungumzo kunitazama.

"Huyu mama ana koo la bati," wanasema.

Sitaficha, nilipenda kusikia. Kuna wanawake wanaosifiwa kuimba kwaya, kuna wanaosifiwa kusuka. Mimi nilisifiwa koo. Na koo ndilo lilinigeuka.

Ulianza ugali. Ukagoma. Nikahamia wali, wali ukapita wiki chache, ukagoma. Ndizi zikagoma, mimi Mhaya ndizi zinanigomea! Nikabaki na uji, na uji wenyewe naumeza kwa kuinua shingo juu kama kuku anayekunywa maji. Kitenge kilichokuwa kinanizunguka mara moja na kunibana, sasa kinanizunguka mara mbili na pindo linabaki. Pete ya ndoa ilianguka kwenye beseni la vyombo sikuisikia. Nikiinama nafua nahisi moto unapanda kutoka tumboni mpaka nyuma ya meno, mchungu kama nyongo ya samaki. Na bado asubuhi nilipika kahawa yangu, nikainywa inachemka, kwa sababu ndiyo kitu pekee kilichokuwa kinapita bila kubembelezwa.

Niliwaficha. Wakati wa kula naweka tonge shavuni, natoka kana kwamba naenda kuangalia kuku, nakwenda kulitema nyuma ya nyumba penye mgomba. Siku moja Koku akanikuta. Koku ni mjukuu wangu wa kwanza, anafanya kazi kwenye mgahawa mjini, ana macho kama ya mwewe.

"Bibi, unafanya nini hapo?"

"Naweka mbolea kwenye mgomba."

"Ya ugali?"

Akanishika mkono, akauzungusha kwa vidole vyake viwili, kidole gumba kikakutana na cha kati na nafasi ikabaki. Akaanza kulia. Nikamwambia asilie kwa mtu ambaye bado amesimama.

Hapo nyumba ikagawanyika. Deo alitaka hospitali. Wifi yangu Apolonia, dada wa marehemu mume wangu, mwanamke anayeingia kwako bila hodi na kufunua sufuria, akasema hospitali ya nini.

"Hicho ni kilimi kimeshuka. Kuna mzee ng'ambo ya Busisi anakikata, dakika moja umemaliza."

"Shangazi, mama amekonda miezi minne," Deo akasema. "Kilimi gani hicho cha miezi minne?"

"Basi amelishwa. Kila siku anaonja vya watu. Siku moja ameonja kisichokuwa chake. Wewe Deo unajua nini, wewe unajua mabomba tu." Deo ni fundi bomba.

Nilimsikiliza Apolonia. Niseme ukweli, hospitali ilinitisha kuliko wembe, maana wembe naujua. Tukapanda basi, tukavuka daraja, mimi nimeegemea dirisha natazama ziwa na kopo la kutemea mate liko mapajani. Yule mzee alikuwa na kijumba kisafi na tochi. Akaniambia nifumbue mdomo, akamulika, akaangalia muda mrefu mpaka taya likaniuma. Nikaona kile chuma chake chenye ncha ya kupinda kimelala kwenye kitambaa, nikaanza kuhesabu dhambi zangu.

Akazima tochi. "Mama, kilimi chako hakina tatizo. Kinachokukwamisha kiko chini sana, mkono wangu haufiki huko. Nenda hospitali, na usikawie."

Nimekutana na watu wengi waliosoma, lakini wachache wamewahi kuniambia kwamba mkono wao haufiki. Tukirudi, tulipokaribia mjini, Apolonia akasema, "Yule mzee siku hizi amechoka." Basi.

Sasa benchi. Asiyewahi kukaa kwenye benchi la wagonjwa wa koo hajui kimya ni nini. Watu hawaongei kwa sababu kuongea kunaleta mate, na mate hayana pa kwenda. Kila mtu ana kopo lake: kopo la maziwa ya unga, kopo la rangi, chupa iliyokatwa. Tunatema kwa zamu kama watu wanaosali. Karibu yangu alikaa mama mmoja wa Sengerema, mkubwa kwangu kidogo, kichwa amekifunga kitambaa cha njano.

"Wewe maji unameza?" akaniuliza.

"Nameza."

"Basi wewe tajiri."

Akacheka, nami nikacheka, na kucheka kukatukaba wote wawili, tukatema. Tulipomaliza kutema tulikuwa marafiki.

Waliniingiza mpira wenye taa kupitia mdomoni. Nisikudanganye, ni kitu kibaya, lakini ni kifupi. Muuguzi mmoja mwanamume alinishika mkono muda wote akawa ananiita "mama yangu, mama yangu" kama ananibembeleza nilale. Ule mpira ulifika mahali ukagoma. Nikamsikia daktari akisema, hapa haupiti. Wakanyofoa kinyama, wakakipeleka kupimwa kama ni saratani. Tukaambiwa tungoje, wiki tatu.

Wiki tatu hizo sitazieleza zote. Deo aliacha kuniangalia usoni. Mkewe akawa ananipikia uji wa karanga na kuuchuja mara mbili kwa kitambaa, na kila nikimaliza kikombe anaandika kwenye kalenda ya ukutani, kana kwamba mimi ni mtoto anayenyonyeshwa. Apolonia alikuja akakaa akasema, kwa sauti ambayo alidhani ni ndogo, kwamba ni vizuri mtu kusema mapema anataka kuzikwa Bukoba au hapa. Nikamwambia, "Nizikeni chumbani kwako." Ilinisaidia kidogo.

Siku ya majibu tuliitwa mchana. Daktari alikuwa binti mdogo, angeweza kuwa mjukuu wangu, aliniamkia kwanza kabla ya kufungua faili.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Sema."

"Si saratani."

Deo akaweka kichwa chini juu ya meza ya daktari na mabega yakaanza kumtikisika. Mimi nikabaki nimekaa. Mwili wangu haukuamini.

"Ni kovu," daktari akaendelea. "Umeungua huko ndani miaka mingi. Tindikali ya tumbo inapanda, na juu yake vitu vya moto vinashuka. Panaungua, panapona, panaungua tena. Njia imebaki kama mrija wa soda. Bibi, unakunywa nini cha moto?"

"Kahawa."

"Ya moto kiasi gani?"

"Ya moto."

"Huwa unangoja ipoe?"

"Ikipoa si kahawa."

Akaweka kalamu chini. Akaniambia kwamba watanipanua, kidogo kidogo, kwa mara kadhaa, na kwamba tangu siku hiyo kitu cha moto kisipite kooni kwangu. Nikapewa na vidonge vya kutuliza tumbo.

Walinipanua mara ya kwanza mvua za masika zikiwa zimeanza, na barabara ya kushuka kutoka hospitali ilikuwa mto. Nikapanda pikipiki nyuma ya Deo, nimelowa, koo linauma kama nimemeza msumari. Jioni mkwe wangu akanichemshia yai, akaliponda kwa mkono. Likapita. Nililisikia likipita, likashuka taratibu mpaka chini. Nikaomba la pili. Hata leo mtu akiniuliza furaha ni nini namwambia yai.

Lakini kahawa. Kichwa kiliniuma siku nne, nikawa mkali, nikawatukana kuku. Nikipita penye nyumba inayokaanga kahawa nasimama kama mtu aliyeitwa. Chai ya kupoa nilijaribu, ilinipandisha kiungulia. Ndipo Koku akaja na chupa kutoka kazini kwake.

"Bibi, nimekuletea kahawa."

Nikaishika. Baridi! Nyeusi, imetulia, haitoi hata harufu.

"Koku, hii imekufa jana."

"Onja tu."

"Nionje maiti?"

"Bibi, haijawahi kuona moto tangu ilipokaangwa. Imelowekwa maji baridi usiku kucha. Wageni wanaipangia foleni."

Nikaonja kwa kijiko cha chai, nimekunja uso tayari kutema. Haikuuma. Hilo ndilo la kwanza nililoliona. Kahawa yangu ya kuchemsha ina meno: inauma ulimi, inauma koo, ikifika tumboni inauma tena. Hii iliteleza. Na nilikuta ndani yake utamu ambao sikuuweka, utamu mdogo kama wa ganda la buni mbivu tulilokuwa tunalifyonza tukiwa watoto. Miaka yote hiyo nilikuwa naichoma kabla sijaujua.

Nitaeleza inavyofanywa, maana wameniuliza wengi. Kahawa itwange iwe chenga, isiwe unga laini kama ya kuchemsha, la sivyo utakunywa tope. Kikombe kimoja cha kahawa, vikombe vitano vya maji. Maji yawe yamechemshwa yakapoa kabisa, na hapa nisikilize vizuri: usitumie ya bomba hivi hivi wala ya ziwani. Ulipokuwa unachemsha kahawa, moto ulikuwa unakuchemshia na maji bila wewe kujua. Sasa moto haupo, uchafu wote utaunywa. Funika chombo, weka jioni, asubuhi chuja kwa kitambaa safi. Kama una friji inakaa siku mbili tatu haichachi. Kama huna, kunywa siku hiyo hiyo. Na usinywe ilivyo, ongeza maji kiasi hicho hicho au zaidi. Mimi kwa ujuaji wangu siku ya kwanza ya kuiloweka mwenyewe nilijaza bilauri nzima, moyo ukanipiga kama ngoma ya mganga, nikakaa mlangoni nashika kifua mpaka adhuhuri.

Nilichokiona mwilini mwangu ni hiki: kiungulia kilipungua, sukari niliacha kuweka, na kovu halikuguswa. Nilichokikosa nacho nakisema. Kahawa ya moto inaingia kwa pua kabla ya kufika mdomoni, hii haina pua. Asubuhi nyumba hainukii, jirani hajui kama umeamka. Mikono haipati kitu cha kukumbatia wakati wa upepo wa ziwa. Nilipomwambia daktari alisema kahawa si dawa, nisije nikawaambia watu ni dawa. Akasema kinachomridhisha ni ubaridi wake na kwamba tumbo langu linaivumilia, ninywe kidogo, nisinywe karibu na kulala. Basi nami nasema hivyo hivyo. Usije ukaloweka kahawa ukaacha kwenda hospitali.

Mara ya pili walinipanua maharage yakiwa yanachanua. Nikawa nakula wali laini, samaki aliyechambuliwa, ndizi zilizopondwa. Kitenge kikarudi kuzunguka mara moja na nusu. Nikajiona mzima, na mtu akijiona mzima ndipo anapofanya ujinga.

Jirani yetu wa nyumba ya tatu alifiwa na mume. Wakaniita. Nikapika kahawa sufuria kubwa, waombolezaji wamejaa chini ya turubai, na nilipotaka kumimina watu wakanyamaza kunitazama kama zamani. Sufuria inatoa moshi. Mzee mmoja akasema, "Koo la bati limerudi." Ningeweza kusema naumwa. Ningeweza kungoja. Lakini zile shingo zote zilizogeuka, na lile neno, na yule mjane aliyekuwa ananitegemea nisimwaibishe! Nikamimina nusu kikombe nikanywa.

Nilisikia panavyochanika. Nikatabasamu, nikagawa vikombe.

Siku ya tatu maji yakagoma. Mate yakagoma. Nikarudi benchini na kopo, na yule mama wa Sengerema alikuwepo, kitambaa chake cha njano kile kile. Akafunua blauzi pembeni kidogo akanionyesha: mpira umetoka tumboni, umebandikwa na plasta. Binti yake alikuwa anamsukumia uji kwa bomba la sindano. Ulimi haujui uji huo ulikuwa na sukari au hauna.

"Maji?" akaniuliza.

"Hayapiti."

Hakucheka. Akanisogezea nafasi nikae karibu naye.

Daktari binti alinipanua mara ya tatu, akachukua muda mrefu, na baadaye alikuja kukaa kitandani kwangu. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Bibi, mahali hapo sasa pamekuwa pembamba kama karatasi. Leo nimepanua nikiwa naomba Mungu. Ukiungua tena siwezi kupanua, patatoboka. Tutakuwekea mpira wa tumboni, na hautatoka. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Nani alikupa kitu cha moto?"

"Mimi mwenyewe. Nilikuwa naonja."

"Unaonja nini?"

Nikamweleza. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba bibi mzima amekufa kwa kucheza rede. "Kwa hiyo kila msiba wa Mabatini ulikuwa unakuunguza," akasema.

Ndiyo. Miaka arobaini.

Mara ya nne ilikuwa kiangazi, vumbi limekaa juu ya majani, na hiyo ikawa ya mwisho. Nilikula matobolwa, ile michembe ya kuchemsha, polepole, nikaimaliza. Niliacha kupika kwenye misiba. Walioniita niliwaambia sipiki tena, na sikueleza.

Kisha Koku akapata mchumba, kijana wa Nansio kule kisiwani, na watu wake wakatuma ujumbe kwamba wanavuka kuja kujitambulisha. Nyumba ikachafuka kwa furaha. Nikasema nitaloweka kahawa madumu mawili, wageni waikute baridi, na jua lile wangeshukuru.

Apolonia akasimama katikati ya sebule mikono kiunoni. "Wageni wa posa? Kahawa baridi? Wakirudi kisiwani watasema tumewapa makombo ya jana. Hiyo mwagia mgomba wako."

"Koku anaiuza mjini kwa watu wenye magari."

"Wenye magari hawaoi hapa."

Deo akaanza kuhesabu viti. Mama yake Koku akaanza kupanga vikombe. Nikaona nisiwaharibie siku, nikasema chemsheni basi, ila aonje mwingine. Wakakubali. Nilisikia wakikubali.

Wageni wakaja sita, wazee wanne na wanawake wawili, wameketi kwenye viti vya kuazima, suti zinanukia sabuni. Aliyewaongoza alikuwa baba mkubwa wa kijana, mzee mrefu mwenye mkongojo, mpole. Maneno yakaenda vizuri. Sinia likaja na birika, mvuke unatoka mdomoni mwake, na harufu ikanipiga puani nikafumba macho. Miezi mingi sikuwa nimekaa karibu nayo hivyo.

Apolonia akachukua birika, akamimina kikombe kimoja, na mbele ya watu wote akakiweka mbele yangu.

"Wageni wetu," akasema kwa sauti ya sherehe, "kwetu aliye mkubwa wa nyumba huonja kwanza, ndipo mjue mko salama. Huyu ni bibi wa binti. Mabatini nzima inamjua kwa koo lake."

Wazee wakaguna kwa kuridhika. Yule mwenye mkongojo akaegemea mbele atazame. Nikamwangalia Deo, Deo akaangalia zulia. Kikombe kilikuwa kinacheza povu. Mate yangu mwenyewe yalianza kuwa mazito kooni, na nikauona ule mpira, na ile plasta, na binti anasukuma uji.

Nikasema, "Ya moto sionji. Anayetaka nionje, angoje ipoe."

Mmoja wa wale wanawake wa Nansio akamgeukia mwenzake, na mkono uliokuwa umenyooshwa kupokea kikombe ukarudi mapajani.

"Wifi unatania," Apolonia akasema, meno nje, macho yananichoma. "Anatania. Onja, wageni wanangoja. Wangoje kikombe chako kipoe kama uji wa mtoto? Watafikiri kuna nini humo?"

Mzee akasafisha koo. "Mama," akasema taratibu, "kama kuna jambo, tuambieni. Sisi tumetoka mbali."

Ndipo Koku akatoka chumbani, amevaa gauni lake la kitenge kipya, akapiga magoti kando ya kiti changu. Koku aliyeushika mkono wangu kwa vidole viwili. Koku aliyeniletea ile chupa. Akaninong'oneza sikioni.

"Bibi. Kidogo tu. Kwa ajili yangu."

Ningempa figo. Ningempa nyumba. Nikamwekea mkono kichwani, juu ya nywele alizokuwa amesukwa tangu alfajiri, na nikahisi moyo wangu unagawanyika kama kuni. Nikakisogeza kile kikombe mpaka katikati ya meza, mahali ambapo wote wangekiona kikipoa. Nikamtazama Apolonia, nikamtazama mzee wa Nansio, nikapaza sauti mpaka waliokuwa jikoni wakasikia.

"Ya moto sionji. Anayetaka nionje, angoje ipoe."